Karanga za Kongwa na Nchi Iliyoitwa Tupu

Kwenye ramani ya dunia wanayosomea wanafunzi wa sekondari, uoto wa asili hugawanywa kwa rangi. Kijani kilichoiva ni misitu ya ikweta ya Kongo na Amazoni. Kaskazini kabisa ni tundra, na kusini yake misonobari ya taiga. Jangwa limepakwa rangi ya mchanga. Afrika, kuanzia Senegali hadi Sudani kisha kushuka mpaka Zambezi, imetandazwa manjano na kuandikwa "savana". Manjano hayo yanafunika migunga ya Ugogo, miombo ya Tabora, mbuga za Hanang na mapori ya Nachingwea kama shuka moja juu ya vitanda vinne. Ramani ya ukutani haiwezi kufanya zaidi ya hapo, wala hailaumiki. Lakini mwaka 1946 watu wenye shahada, ndege na hazina ya taifa kubwa waliitazama nchi yetu karibu kwa namna hiyo hiyo, na kilichofuata kinastahili kusimuliwa upya kila mara kijana anapojiandaa kwenda kusomea kilimo.

Uingereza ilikuwa imeshinda vita na kuishiwa mafuta ya kula. Majarini, mafuta ya kupikia na sabuni vilitolewa kwa mgao. Mapema 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alizuru Tanganyika akarudi London na wazo: karanga zilimwe kwa mashine katika ardhi pana ya Afrika Mashariki ambayo, kwa macho yake, haikuwa na kazi. Serikali ya chama cha Labour ililipenda. Ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Jambo hili la mwisho linafaa kushikwa vizuri, maana husimuliwa mara nyingi kwamba mradi uliharibiwa na watu wasioijua Afrika. Wakefield aliijua. Alikuwa amekaa hapa, amelipwa mshahara kwa kuijua.

Ujumbe ulizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari ukiwa angani, kati ya Juni na Septemba. Msomaji wa Dodoma ameshatabasamu. Huo ni moyo wa kiangazi, wakati tone haliangukii Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, na mtu akitaka kujua mvua itakuwaje hana pa kuiona isipokuwa kwenye vitabu vya kumbukumbu, ambavyo kwa maeneo yale vilikuwa vichache. Ripoti ikatoka mwezi huo huo wa Septemba. Ilipendekeza ekari 3,210,000 zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa kama pauni milioni 25 kwa miaka sita. Shamba la majaribio halikuwamo katika hesabu, kwa sababu Uingereza ilikuwa na haraka. Februari 1947 waraka wa serikali ulichapishwa, na John Strachey, waziri wa chakula, akausimamia bungeni kwa ufasaha.

Sasa karanga yenyewe. Ni mmea wenye tabia ya ajabu, na asiyeijua tabia hiyo hataelewa kwa nini Kongwa, mahali mradi ulipoanzia, iliushinda. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi kama maua mengine. Likishachavushwa, hutoa kikonyo kinachoinama kuelekea chini, kikachoma udongo, na ncha yake ikivimba gizani ndiyo inakuwa ganda lenye punje. Kwa hiyo mkulima wa karanga anahitaji udongo laini mara mbili. Kwanza pale kikonyo kinapotafuta kuingia, halafu pale mmea unapong'olewa, ili maganda yatoke na shina, yasibaki chini. Bibi yeyote wa Mtwara au Tabora anayelima njugu huanza kwa kuchagua kipande chenye mchanga. Udongo wa kugandamana huwaachia wengine.

Kongwa iko mashariki mwa Ugogo, upande wa kivuli cha milima inayokinga pepo za bahari. Mvua ya ukanda huo ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, tena ni wastani tu. Mwaka mmoja huja zaidi, mwingine huja nusu, na hata ikitimia huweza kushuka yote katika dhoruba chache na kukosekana kabisa wiki ambayo mtama unachanua. Inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba ya ukavu. Uoto wa pale umejijenga kuizunguka kalenda hiyo. Miti hupukutisha majani mwanzoni mwa kiangazi ili isipoteze maji. Migunga ina majani madogo na miiba mikubwa. Mibuyu huhifadhi maji kwenye shina. Kati yake hujaa kichaka kilichosokotana kiasi kwamba mtu hapiti bila panga, na chini ya kichaka hicho kuna mizizi mirefu na minene kuliko matawi yanayoonekana, kwa sababu katika nchi kame sehemu kubwa ya mti huishi ardhini. Udongo wake mwekundu una mfinyanzi wa kutosha kuwa tope wakati wa mvua na kuwa kama zege jua likiwaka.

Yote haya yalikuwa yameandikwa wazi pale, ila kwa maandishi ya miti. Kichaka cha namna ile hakioti palipo na mvua ya kutegemewa.

Wagogo waliyasoma, na maisha yao yalikuwa jibu. Walilima uwele na mtama, mazao yanayoweza kudumaa ukame unapoingia na kuendelea kukua mvua ikirudi. Mashamba waliyatawanya, kwa kuwa mvua ya Ugogo inaweza kumnyeshea jirani na kukuruka wewe. Akiba yao kubwa ilikuwa ng'ombe, ambaye huyafuata maji kwa miguu yake, na mwenye mifugo mingi hakuiweka yote kwenye boma lake: aliwagawia ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, ili ukame au maradhi yasimkute na mayai yote kwenye kikapu kimoja. Waliishi kwenye tembe, nyumba ndefu ya miti yenye paa bapa la udongo, paa ambalo kwenye mvua za Bukoba lingedondoka msimu wa kwanza. Majani ya mbuyu yaliliwa mboga, ubuyu ukawa chakula cha watoto. Nisieleweke kuwa nasifia paradiso. Njaa iliwapiga Wagogo mara nyingi, na ile ya 1917 hadi 1920 waliyoiita Mtunya iliua watu wengi sana, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuwapokonya ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukamalizia. Lakini hata Mtunya ilikuwa taarifa: palihitaji akiba iachwe mikononi mwa wenyewe.

Mwanzoni mwa 1947 mashine zilianza kuja. Viwanda vya Uingereza havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha, hivyo yalitafutwa mabaki ya vita, mengine kutoka bohari za jeshi la Marekani nchini Ufilipino, yakiwa yameshika kutu na hayana vipuri. Kiwanda cha Vickers kiligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Bandari ya Dar es Salaam ikasongwa na shehena. Kongwa ilitengenezewa tawi la reli kutoka Reli ya Kati, kukawa na karakana, hospitali, maduka, na shule ya watoto wa Kizungu. Wafanyakazi waliokuja kutoka pande zote za Tanganyika walipewa mafunzo ya haraka ya kuendesha buldoza, nao mafundi wa kuzitengeneza walikuwa wachache.

Kichaka kilipigana kwa njia zake. Matawi yalianguka upesi, hasa baada ya kugunduliwa mbinu ya kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili yanayokwenda sambamba na kufyeka kila kilichopo katikati. Mizizi ndiyo iliyogoma. Ilibaki chini, ikavunja majembe ya diski moja baada ya jingine, na mchanga mkali wa Kongwa ukasaga makali ya chuma kilichosalimika. Mibuyu ilikuwa na mizinga ya nyuki, ambao hawakuwa wamesoma waraka wa serikali, wakawapeleka waendesha mitambo hospitalini. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopandwa karanga zilikuwa karibu 7,500.

Na hizo 7,500, zilipokomaa, zilikutana na kiangazi. Karanga huvunwa mvua inapokatika, yaani wakati ule ule udongo wa Kongwa unapoanza kugeuka zege. Mashine za kung'oa zilikwangua juu, maganda yakabaki yamefungiwa ardhini. Msimu wa 1948 na 1949 mvua zenyewe zikawa haba. Wakajaribu alizeti, ambayo mizizi yake hushuka zaidi, nayo ikanyauka. Kufikia wakati huo mradi ulikuwa umetoka mikononi mwa United Africa Company na kukabidhiwa shirika la umma la Uingereza, Overseas Food Corporation. Maofisa walibadilishwa. Malengo yakapunguzwa, yakapunguzwa tena. Wakefield mwenyewe aliondolewa kwenye bodi mwaka 1949. Mvua haikubadilishwa na yeyote.

Upande wa vibarua, hali haikuwa ya heri pia. Maelfu ya watu kukusanyika mahali pasipo na maji ya kutosha wala chakula kulipandisha bei ya kila kitu. Desemba 1947, miezi michache baada ya mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, wafanyakazi wa Kongwa nao waligoma. Wengi hawakudumu. Walifanya kazi kiangazi, na mvua za kwanza zilipodondoka walirudi kwao kulima, jambo lililowakera mameneja ambao walitaka kazi ianze hasa siku hizo. Mameneja waliwaita wavivu. Ukitazama nani alivuna chakula mwaka ule, tusi hilo linakosa pa kukaa.

Kongwa haikuwa peke yake. Mradi ulikuwa na maeneo mengine mawili, Urambo magharibi na Nachingwea kusini, na yote matatu yalichaguliwa kwa sifa ile ile: watu wachache, kwa hiyo hakuna wa kuhamishwa wala kesi za ardhi. Hapa ndipo ninapoona kosa la msingi, kubwa kuliko kutu ya matrekta. Uchache wa watu ulichukuliwa kuwa hali ya asili, kama vile mwinuko au aina ya mwamba. Urambo ni jina linalotokana na Mirambo, mtemi aliyetawala njia za pembe za ndovu katika karne ya 19. Nchi yake haikuzaliwa tupu. Ilipunguziwa watu na vita na upagazi, ndorobo, inzi wa malale, wakasambaa miombo iliporudi kufunga mashamba, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni yenyewe iliwahamisha wakazi wengi wa magharibi kwenye vijiji vya kukwepa malale. Kusini-mashariki, pori lilitanuka baada ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuatia, pale majeshi ya Wajerumani yalipochoma mashamba na maghala. Kongwa palikuwa na uhaba wa maji, na juu yake Mtunya. Kila pori lilikuwa na sababu ya kuwa pori, na sababu hiyo ilikuwa ndiyo swali la kwanza la kuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alipoona mwenyeji hayupo alifurahi.

Lilikuwa pia kosa ambalo tayari lilikuwa limefanywa kwingine. Katika nyanda za Marekani, kuanzia Kansas na Colorado hadi Oklahoma na Texas, nyasi fupi zenye mizizi iliyofumana zilikuwa zimeshikilia udongo kwa maelfu ya miaka katika nchi yenye mvua chini ya milimita 500 na upepo usiokoma. Bei ya ngano ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza, wakulima wakazipindua kwa matrekta. Bei ikaanguka, ukame wa miaka ya 1930 ukaja, na udongo ukaondoka hewani. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifanya mchana kuwa usiku, na siku hiyo ikaitwa Jumapili Nyeusi. Maofisa wa kilimo wa makoloni ya Afrika Mashariki waliifahamu habari hiyo vizuri. Walikuwa wakiitumia kuwalazimisha wakulima wa Kiafrika kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Hawakuona inawahusu wao.

Wala Kongwa haikumfundisha aliyefuata. Mwaka 1954, miaka mitatu tu baada ya mradi wa karanga kufutwa, kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev alianza kuzilima nyika za Kazakhstan na Siberia. Huko nako nchi ilihesabiwa kuwa wazi. Wakazakh, waliokuwa wakihama na kondoo na farasi kufuata majani ya msimu, walikuwa wamevunjwa na ukusanyaji wa lazima wa mifugo na njaa ya 1930 hadi 1933 iliyoua zaidi ya watu milioni moja. Mavuno ya 1956 yalikuwa makubwa ajabu, magazeti yakashangilia. Halafu zikaja dhoruba za vumbi, na baada ya ukame wa 1963 Umoja wa Kisovieti ulilazimika kununua ngano nje.

Mradi wa karanga ulitangazwa kufutwa Januari 1951. Hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa kama pauni milioni 36. Strachey alikuwa ameshahamishiwa wizara ya vita. Bandari ya kina kirefu iliyojengwa Mtwara kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilibaki na ina faida hadi leo, ingawa reli yake iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Urambo ikageukia tumbaku, ambayo huupenda udongo wa miombo na kuimaliza miombo yenyewe kwa kuni za kukaushia. Kongwa, baada ya mamilioni yote yale, ilifanywa ranchi ya ng'ombe. Wagogo wangeweza kuwashauri hivyo bila malipo. Karanga nazo hazijaondoka Dodoma: zinalimwa kwa vipande vidogo, kwenye mchanga, pamoja na alizeti, na kung'olewa kwa mkono kabla ardhi haijakaza.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwacheka wakoloni, na wengi huishia hapo. Lakini tulipopata dola yetu tulikwenda Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano ya zaidi ya ekari 70,000 katika nyanda za Basotu. Mbegu, mashine na maarifa yalitoka nyanda za Kanada, ambako nyasi zilikuwa zimekwisha kulimwa vizazi vilivyopita. Tofauti na Kongwa, hapa zao lilikubali: udongo wa volkano una rutuba na ngano ilipatikana. Ndiyo maana kisa hiki kinatuumiza kichwa zaidi.

Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Hawakukaa juu yake mwaka mzima, na hapo ndipo palipowaponza. Walileta ng'ombe wakati wa mvua, majani yakiwa bora, kisha wakahama kwenda kwenye mito, maziwa na miinuko ili nyasi zipumzike. Mpimaji akija mwezi wa ukavu anaona uwanda wa nyasi zilizosimama, hakuna boma, hakuna moshi, anaandika: haitumiki. Malisho bora yalipochukuliwa, mifugo ilibanwa kwenye maeneo mabaya ambayo yalichoka haraka. Makorongo yakaanza kuchimbika pembezoni mwa mashamba. Bung'eda, makaburi ya vichuguu ambayo Wabarabaig huwajengea wazee wao wa heshima, yalipitiwa na majembe.

Wanakijiji wa Mulbadaw, huko Hanang, walikwenda mahakamani. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka 1981, Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa ushindi na fidia. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi ule. Baraza la kijiji, mahakama ilisema, halikuonyesha kuwa liligawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Ama wanakijiji mmoja mmoja waliodai kuwa ni yao kwa mila, hawakuwa wamethibitisha kwa ushahidi kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria iliyotungwa na Waingereza mwaka 1923.